Miti ya Uganda, Mizimu Yake na Waliokuja na Madaftari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Huwa nawatembeza watu chini ya miti: wanafunzi, wageni kutoka Mwanza na Kisumu, na wazee wanaokuja kuhakikisha kwamba sisi vijana hatudanganyi watu. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa, kuanzia ya kawaida hadi yale ambayo mtu humvuta mwenzake pembeni kuyauliza. Majina ya mimea ni ya Kiganda pale ambapo sikusema vinginevyo.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Kwa nini mti mmoja una majina matatu au manne?

Kwa sababu kila aliyeupa jina alikuwa na haja yake. Chukua mutuba, ule mtini unaotoa nguo ya gome. Waganda wanauita mutuba, na majirani zao wana majina yao. Kitaalamu ni *Ficus natalensis*, jina lililochapishwa na Mjerumani Hochstetter mwaka 1845, kutokana na mimea iliyokusanywa Natal, Afrika Kusini. Matokeo yake, mti ambao Buganda haimziki kabaka bila nguo yake, vitabuni unajulikana kama wa Natal.

Kanuni ya wataalamu ni kwamba jina halali ni la aliyelichapisha wa kwanza kwa kufuata taratibu. Aliyeujua mti kwanza hahesabiwi. Hili wageni wengi hulikasirikia, nami nawaelewa, lakini kanuni yenyewe ina faida: mtu wa Gulu na mtu wa Douala wakiandikiana kuhusu mti, wanajua wanazungumzia mti uleule.

2. Ngano za mimea ni uchawi?

Hapana. Ni hadithi za asili, miiko, matambiko, dawa na mazoea ya kila siku kama kujua mmea gani unapandwa mpakani. Uchawi unaweza kuwamo, kama chumvi kwenye mchuzi, lakini si mchuzi wenyewe.

3. Ndizi, fenesi na embe ni mimea ya asili ya Uganda?

Yote mitatu imetoka Asia. Ila kwa ndizi jibu halitoshi hapo. Ndizi za matooke za nyanda za juu za Afrika Mashariki ni kundi la peke yake, na aina zake nyingi zimetokana na wakulima wa huku kuchagua machipukizi kizazi hadi kizazi. Mgomba ulizaliwa ng'ambo, ukalelewa hapa.

Hadithi ya Kintu na Nambi haioni tatizo lolote. Nambi aliposhuka kutoka mbinguni kwa baba yake Ggulu alikuja na mgomba na kuku. Wakiwa njiani akakumbuka ulezi wa kuku, akarudi kuuchukua, na kaka yake Walumbe, yaani Kifo, akamfuata nyuma. Zamani kondo la nyuma la mtoto lilizikwa penye shina la mgomba: la mvulana kwenye mgomba wa pombe, la msichana kwenye mgomba wa chakula. Bado utakutana na mama mkwe anayeuliza mgomba wa mjukuu ni upi.

4. Ni kweli kuna Waganda wasiokula uyoga?

Kweli. Kila ukoo una muziro, kiumbe ambacho wanaukoo hawakili wala hawakidhuru, na mingine ni mimea. Wa ukoo wa Butiko hawali uyoga, wa Mpindi hawali kunde, wa Kkobe hawali kile kiazi kikuu kinachoning'inia kwenye mtambaa. Ukimwandalia mgeni mchuzi wa uyoga akasema ameshiba, usimlazimishe.

## Miti yenye habari zake

5. Nguo ya gome inatengenezwaje?

Hili napenda kulijibu kwa kirefu, maana niliwahi kukaa nusu siku katika ekkomagiro moja huko Mawokota. Ekkomagiro ni banda la kupondea magome, halina kuta. Mkomazi hukata duara juu ya shina na duara chini, kisha mstari mmoja wa wima, halafu anapenyeza taratibu kipande cha mgomba kati ya gome na mti. Gome linatoka zima, kama kumvua mtoto koti. Ngozi ya nje inakwanguliwa, gome linalainishwa kwa moto au mvuke, kisha kazi yenyewe inaanza.

Linalazwa juu ya gogo refu na kupondwa kwa ensaamu, nyundo za mti zenye mifereji. Ya kwanza ina mifereji mipana, ya mwisho ina mifereji myembamba kama mistari ya daftari. Wanaume wawili wanapokezana mapigo bila kuhesabu. Nilijaribu kuingia katikati yao nikaharibu mdundo wote, na mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kaa pale uangalie." Gome lililokuwa na upana wa mkono wangu likatanuka likawa shuka. Likivutwa na kuanikwa juani, rangi yake inageuka kutoka weupe hadi wekundu wa udongo wa kuchomwa.

Kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji, na mkuu wake huitwa Kaboggoza. Simulizi za Buganda zinamtaja Kabaka Ssemakookiro kama aliyewaamuru watu kupanda mituba. Nguo za wafalme na machifu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia kwenye orodha yake ya urithi usioshikika.

6. Kuvua gome hakuui mti?

Hakuui, ukifanya msimu wa mvua na ukiufunika. Mara tu gome linapotoka, shina linafungwa kwa majani ya mgomba kwa siku kadhaa lisikauke, na ngozi mpya inaota. Mutuba mmoja huvunwa mara nyingi katika maisha yake. Usichukue ruhusa hii ukaenda nayo kwenye miti mingine; soma swali la 16.

7. Mti wa Nakayima ni mti gani?

Uko juu ya kilima cha Mubende, na mizizi yake imesimama kama kuta ikiacha vyumba kati yake. Nakayima alikuwa mwanamke aliyehusishwa na Ndahura wa Bachwezi, watawala wa simulizi ambao baadaye wakawa miungu. Watu huingia katika vyumba hivyo kwa haja tofauti: uzazi, biashara, kesi. Wanaacha buni za kahawa na sarafu. Ukienda, wafuate walinzi wa mahali, vua viatu ukiambiwa, na uulize kabla ya kupiga picha.

Kitaalamu hutambuliwa kama *Pterygota mildbraedii*. Johannes Mildbraed alikuwa Mjerumani aliyefuatana na msafara wa Duke wa Mecklenburg kuvuka Afrika ya Kati mwaka 1907 hadi 1908. Vielelezo visivyo na hesabu vya hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Berlin, alikofanya kazi, viliteketea kwa mabomu Machi 1943. Mti wa Mubende bado umesimama. Ninapowaambia wageni hivyo pale kilimani, kuna mama mmoja mlinzi ambaye hucheka kila mara kana kwamba hajawahi kusikia.

8. Buni ya kahawa inahusiana vipi na undugu wa damu?

Kahawa ya robusta ni mwenyeji hapa. Bado inaota yenyewe katika misitu kama Kibale. Kabla ya mtu yeyote kuikaanga na kuisaga, ilichemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa buni katika kikapu kidogo. Ndugu zetu Wahaya wa Kagera wanafanya vivyo hivyo mpaka leo.

Sasa fungua tunda la kahawa: ndani kuna mbegu mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Katika omukago, watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana mbegu hizo za tunda moja. Kila mmoja alijichanja tumboni, akapaka mbegu damu yake, akampa mwenzake aimeze. Iliaminika kwamba anayemsaliti ndugu huyo atapatwa na baya. Siku hizi hofu ya damu imeufuta utaratibu huu karibu kabisa, na sioni sababu ya kuulilia.

Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na kuvu ulionekana kwenye kahawa za Uganda, ukaua mashamba mengi ya robusta. Wazee wa baadhi ya vijiji walihesabu hasara yake kwa mibuni iliyopandwa na babu zao, si kwa magunia.

9. Kwa nini oluwanyi hupandwa mpakani?

Kwa sababu haufi. Jiwe la mpaka linahamishika usiku mmoja, lakini oluwanyi (*Dracaena fragrans*) ukiukata unachipua palepale na kumtaja mwizi. Hupandwa pia makaburini. Baba yangu mdogo aligombana na jirani miaka mitatu juu ya hatua nne za ardhi. Alipokuja mzee wa kijiji hakuomba hati, aliomba jembe, akachimba, akatoa kisiki cha oluwanyi kilichozikwa chini ya udongo kikiwa bado kijani. Wachagga wa Kilimanjaro wana jamaa yake, sale, wanaoutumia pia kuombea msamaha.

## Waliokuja na madaftari

10. Nani wa kwanza kuchukua mimea ya Uganda kwa ajili ya sayansi?

Kwa mkusanyiko wenye uzito, ni James Augustus Grant, mwanajeshi wa Scotland aliyesafiri na Speke kutoka mwaka 1860 hadi 1863. Speke alikuwa na pupa ya mto Nile. Grant aliugua mguu, akaachwa Karagwe kwa mfalme Rumanika miezi kadhaa mwenzake akitangulia Buganda. Mtu mwenye mguu mbovu hatembei sana, ila anaweza kuangalia kilichoota karibu na mlango. Aliikausha mimea na kuandika wenyeji wanaiitaje na wanaitumiaje. Matokeo yalichapishwa na jumuiya ya Linnean ya London kati ya mwaka 1872 na 1875, na vielelezo vyake viko kwenye bustani ya Kew, London.

Watu husahau kuuliza nani aliyemwambia hayo majina. Mkalimani wa msafara ule alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India; Speke aliongea naye Kihindustani, naye akageuza maneno kwa Kiswahili kwa wapagazi. Kwa hiyo jina la mmea lilivuka ndimi kadhaa kabla ya kufika kwenye daftari, na kila aliyelivusha alikuwa Mwafrika.

11. Musizi unahusiana vipi na Emin Pasha?

Musizi ni *Maesopsis eminii*, jina alilolitoa mtaalamu wa mimea Mjerumani, Engler, mwaka 1895 kwa heshima ya Emin. Alizaliwa Eduard Schnitzer mwaka 1840 huko Oppeln, Silesia, katika familia ya Kiyahudi. Akabatizwa, akasomea udaktari, akaishi kama Mwislamu kwa jina la Mehmed Emin. Kuanzia mwaka 1878 alikuwa gavana wa Ikweta, jimbo la Misri, na makao yake ya baadaye yalikuwa Wadelai, West Nile. Vita vya Mahdi huko Sudan vilimkatia mawasiliano, yeye akaendelea kutayarisha ngozi za ndege na kukausha majani. Aliuawa Kongo mwaka 1892.

Kwetu Bombo jina lake halitajwi kwa miti. Wanubi wengi ni wajukuu wa askari wake, wale ambao Mwingereza Lugard aliwaleta kusini mwaka 1891. Nyanya yangu alijua kila kitu kuhusu askari hao na hakujua kwamba ule mti wa kuni nyuma ya jiko una jina la bwana wao. Nilipomwambia, alisema, "Basi amepata mti unaokua haraka."

Na kweli unakua haraka. Ulipopelekwa Amani, milima ya Usambara Mashariki, hondohondo walisambaza mbegu zake hadi ukawa mvamizi msituni. Hapa ni mwenyeji, kule ni kero.

12. Schweinfurth alifika Uganda?

Hapana, ingawa jina lake liko kwenye muwafu (*Canarium schweinfurthii*), ule unaotoa empafu tunazozilainisha kwenye maji ya moto na kula na chumvi, na utomvu wa kufukizia. Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyezaliwa Riga mwaka 1836, alizunguka kaskazini magharibi ya hapa kati ya mwaka 1868 na 1871. Desemba 1870 moto uliunguza kambi na sehemu kubwa ya kazi yake. Alipopoteza vifaa vya kupimia, alihesabu hatua zake kwa miguu ili apate umbali. Ukimlinganisha na wa swali la 7, utaona mimea ya Wajerumani na moto vina historia ndefu.

13. Zile lobelia kubwa za Rwenzori zina jina la nani?

Moja yao, *Lobelia wollastonii*, ni ya Wollaston, daktari Mwingereza aliyekuwa kwenye msafara wa jumba la makumbusho la Uingereza wa mwaka 1905 na 1906. Hakupenda udaktari, aliutumia kama tiketi ya kupanda milima. Mwaka 1921 alikuwa kwenye msafara wa kwanza wa kuupeleleza Everest, na kule pia akaacha jina kwenye ua. Aliponea baridi, mabarafu na homa, kisha mwaka 1930 akapigwa risasi na mwanafunzi ndani ya chumba cha chuo chake Cambridge.

14. Bustani ya Entebbe ilianzishwa kwa nini?

Kwa biashara. Alexander Whyte aliianzisha mwaka 1898 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60, baada ya kazi Nyasaland (Malawi ya leo), ambako mwerezi wa mlima Mulanje unabeba jina lake. Serikali ilitaka kujua nini kitaota hapa na kuuzika Ulaya. Uzuri na harusi za Jumamosi vilikuja baadaye.

Aliyeijua misitu yenyewe ni W. J. Eggeling, bwana misitu. Orodha yake ya miti ya asili ya Uganda ilitoka mwaka 1940, na bado mafundi mbao wa zamani wanaitaja. Mwaka 1947 alichapisha vipimo vya msitu wa Budongo, na miaka 31 baadaye Mmarekani Connell akavitumia kujenga hoja maarufu kwamba msitu uliosumbuliwa kiasi una aina nyingi kuliko uliotulia kabisa. Eggeling alimalizia kazi zake Scotland, akiandika habari za kisiwa kimoja cha ndege.

15. Waganda wenyewe wako wapi katika orodha hii?

Wapo, ila wamechelewa kuandikwa. Anthony Katende wa hifadhi ya mimea ya Makerere ni mmoja wa waandishi watatu wa kitabu cha mwaka 1995 kuhusu miti na vichaka vyenye manufaa Uganda, na ndicho ninachokibeba mfukoni. Kinaweka majina ya lugha za hapa mbele ya macho yako. John Tabuti alikaa na waganga wa Bulamogi, Busoga, na mwaka 2003 akachapisha mimea yao pamoja na jinsi inavyotayarishwa. Tofauti na enzi za Grant, wanaotoa habari hapa hawafichwi nyuma ya neno "wenyeji".

## Dawa

16. Gome la entaseesa (*Prunus africana*) linatibu tezi dume?

Dondoo lake limetumika Ulaya kwa miongo mingi kupunguza dalili za tezi dume lililokua. Si dawa ya saratani. Shida ni mahitaji: watu huvua gome pande zote hadi mti unakufa. Ndiyo maana tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukiona mti umevuliwa mzunguko mzima, usinunue kwa aliyeuvua.

17. Emmumbwa ni nini? Na ekyogero?

Emmumbwa ni vijiti vya udongo uliokandwa na majani yaliyopondwa, vikakaushwa. Soko la Owino, Kampala, vimepangwa kama sigara kubwa za kijivu. Unakisugua kwenye jiwe lenye maji kidogo, kile kinachotoka ndicho dawa, hasa kwa wajawazito. Ekyogero ni maji ya kumwogeshea mtoto mchanga yenye majani kama bbombo na olweza, kwa ngozi na kwa bahati.

Kuoga sina ugomvi nako, maji yakiwa safi na kitovu kimepona. Kunywa ni jambo jingine: muuzaji hawezi kukuambia mjamzito anakunywa kiasi gani cha kitu gani. Muulize mkunga wa kliniki, na umwambie ukweli wote.

18. Mululuuza, ule mmea wa majani machungu, unatosha kwa malaria?

Hautoshi. Uchungu wake si kipimo. Kapime damu, meze dawa zote ulizoandikiwa.

## Maswali ya pembeni

19. Jina la kitaalamu likibadilika, nitumie lipi?

Jipya, na la zamani uliweke kando. Mvule ulikuwa *Chlorophora*, sasa ni *Milicia excelsa*; entaseesa ulikuwa *Pygeum* hadi mwaka 1965 ulipohamishiwa kwenye jenasi ya pichi, *Prunus*. Ukitafuta kwa jina jipya tu, utakosa vitabu vya nusu karne. Jina "mvule" lenyewe halijabadilika muda wote huo.

20. Kibao kwenye mti kinaweza kukosea?

Kinaweza. Bustani moja, siitaji, iliandika "mutuba" kwenye kirundu kwa miaka mingi. Makosa hayo yana sababu, kwani kirundu nao hutoa nguo ya gome, ingawa duni. Okota kitawi kilichoanguka, kikate, angalia jani na utomvu, na ukipata tunda ndio bora.

21. Nimenunua kiwanja, kina mti ambao majirani wanasema ni wa mizimu. Nifanyeje?

Usikate kwanza. Kama ni mvule au mti mwingine wa mbao ya thamani, nenda kwa afisa misitu wa wilaya, kwani unaweza kuhitaji kibali hata ukiwa kwenye ardhi yako. Kisha kaa na wazee wa ukoo uliokuuzia. Mara nyingi kuna mtu anayekuja pale mara moja kwa mwaka, na mnaweza kukubaliana apite mlango gani.

Mteja mmoja aliniuliza hili akiwa ameshakata. Alitaka nimtajie tambiko la kurekebisha. Nilimpeleka kwa mzee wa pale kijijini, akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kisiki kimekatwa urefu gani kutoka chini. Alipojibu kwamba kinafika magotini, mzee akasema basi asikiguse tena, asikichome, na ahamishe ukuta mita mbili. Nilipita mwaka uliofuata. Ukuta ulikuwa umepinda kidogo, na kisiki kilikuwa na machipukizi saba.